Ukitaka Historia ya Mnara wa Taa, Anza na Mwanga Wenyewe

Nimekaa baharini miaka 19, mingi kati ya hiyo nikishika zamu ya usiku wa manane. Iko taa moja iliyosimama juu ya mwamba usio na mkazi, ambayo niliipita mara zisizo na hesabu bila kuikanyaga. Nilipoacha kazi nikasema nitaiandikia historia yake. Nikapanda boti, nikafika, nikaona mwaka umechongwa juu ya mlango, nikaandika kurasa kumi na nne zinazoanzia mwaka ule. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mtunza taa pale akazisoma zote kwa utulivu, akanirudishia, akasema: "Mwanangu, huo ni mwaka wa mlango."

Mlango wa kwanza ulikuwa upande wa pili wa mnara. Ulizibwa kwa mawe na kupakwa chokaa hata ukadhani ni ukuta tu. Mnara ulizizidi kurasa zangu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tangu hapo nimeandika historia za minara mitatu, na utaratibu wangu umegeuka juu chini. Sasa naanza na mwanga, halafu jengo, halafu karatasi, na hadithi za watu ninaziacha mwisho kabisa. Watu wengi hufanya kinyume, maana mnara ulio peke yake hauishiwi hadithi: mzimu, mtunza taa aliyerukwa na akili, bibi harusi aliyejitupa kutoka roshani. Lakini mnara wa taa ni chombo cha kazi. Badiliko lolote la maana katika mwanga wake ilibidi mabaharia watangaziwe, kwa sababu asiyetangaziwa angepanda mwamba na meli yake, na kila tangazo lina tarehe. Jiwe linaweza kukudanganya, mtu anaweza kusahau, ila taa haibadilishwi kimyakimya.

Hesabu sekunde kwanza

Kabla ya kuomba ruhusa ya kufika, kabla hata ya kumtafuta mzee wa kumhoji, kaa mahali taa inapoonekana, giza likishaingia, ukiwa na saa ya kupimia sekunde. Usipime kutoka mmuliko mmoja hadi unaoufuata. Taa nyingi humulika kwa mafungu: mara mbili zikanyamaza, au mara tatu zikanyamaza. Bonyeza fungu linapoanza, na uzime fungu jingine linapoanza pale pale. Afadhali uache mizunguko kumi ipite ndipo uzime, kisha ugawe kwa kumi. Kidole huchelewa, na kosa la kidole likigawanywa kwa kumi halina madhara tena.

Tazama pia namna inavyomulika. Iko taa ambayo giza lake ni refu kuliko mwanga. Iko ambayo mwanga ni mrefu na giza ni la kupepesa jicho tu, kama mtu anayefumba macho. Iko inayogawa sawasawa, na iko inayowaka moja kwa moja bila kukatika. Kwenye ramani ya bahari haya yamefupishwa kwa herufi: Fl, Oc, Iso na F, kwa mpangilio huohuo. Ukikuta Fl(2) 15s 36m 18M, umeambiwa kwamba taa inamulika mara mbili kila sekunde 15, iko mita 36 juu ya maji, na hewa ikiwa safi mwanga wake unafika maili 18 za baharini. Maili ya baharini ni mita 1,852.

Sasa rudi nyuma. Orodha za taa na matangazo kwa mabaharia vimechapishwa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na taa yako, hata iwe mahali ambapo ndege wenyewe wanatua kwa mashaka, kuna uwezekano mkubwa imo humo. Tafuta toleo la zamani kuliko yote unayoweza kuyafikia, kisha sogea mbele miaka kumi kumi ukinakili mstari mmoja tu, ule wa taa yako. Ikiwa taa iliyokuwa ikiwaka moja kwa moja imegeuka kuwa ya kumulika kila sekunde 30, umepata tukio: mtambo wa kuzungusha umewekwa. Ikiwa 30 zimekuwa 10 mwishoni mwa karne hiyo au baadaye kidogo, jiulize kuhusu zebaki. Miaka ya 1890 Wafaransa walianza kuiweka lenzi yenye uzito wa tani kadhaa ielee juu ya beseni la zebaki, na lenzi iliyokuwa ikijikokota juu ya magurudumu ikaanza kuzunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Taa ya kwanza kuzunguka iliwashwa Carlsten, Uswidi, mwaka 1781, kazi ya Jonas Norberg. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba taa ya kwao ilikuwa ikizunguka mwaka 1750, msikilize kwa adabu, na kalamu iache mfukoni.

Rangi nazo zina maneno. Kioo chekundu hula mwanga mwingi, kwa hiyo hakuna aliyekiweka kwa urembo. Pale mwanga mweupe unapogeuka mwekundu, ramani ina mstari. Ufuate mstari ule kwa rula hadi baharini na mara nyingi utaona unapita ubavuni mwa mwamba au fungu la mchanga. Hapo ndipo ilipo sababu ya mnara, na ukifika hapo uliza ni meli gani iliyozama.

Bell Rock, nje ya pwani ya mashariki ya Scotland, ni mwamba unaofunikwa na maji kila yanapojaa. Uliua watu karne nyingi na kila mtu alijua. Maombi ya kujengewa taa yaliandikwa yakakwama. Mwaka 1804 manowari York ikapotea na wote waliokuwamo. Mwaka 1806 sheria ikapita bungeni. Mwaka 1807 mafundi wa Robert Stevenson wakaanza kuchimba msingi, wakifanya kazi kwa saa chache tu kila maji yanapokupwa. Tarehe 1 Februari 1811 taa ikawashwa. Wavuvi waliokufa kabla ya 1804 hawakupitishiwa sheria yoyote. Kwa hiyo unapotafuta ajali iliyozaa mnara wako, tafuta chombo cha mtu mwenye sauti. Zile nyingine ziandike pia, lakini ujue hazikuwa ndizo zilizotoa fedha.

Kimo ni kipi?

Hapa ndipo waandishi wengi wanapokwama, nami nilikwama. Kimo kilichomo kwenye orodha ya taa si urefu wa mnara. Ni urefu kutoka usawa wa maji ya bamvua yaliyojaa hadi katikati ya mwanga. Mnara wa mita 12 juu ya jabali la mita 50 utasomeka karibu mita 60, na mtu asiyejua ataandika kwamba ni jengo refu la kutisha, kisha msomaji anafika na kuona kitu kama tangi la maji.

Kimo hicho ndicho kinachokuambia taa itaonekana kutoka mbali kiasi gani, na kanuni yenyewe ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 2.08, utapata maili za baharini hadi upeo wa macho. Taa ya mita 36 inatoa 12.5 hivi. Wewe uliye kwenye chombo, jicho likiwa mita 9 juu ya maji, unaongeza 6.2. Jumla karibu maili 18.7, mbali zaidi ya hapo mgongo wa dunia umeificha, hata taa iwe na nguvu za jua.

Faida yake kwa mwandishi wa historia? Orodha za Waingereza za zamani zilipiga hesabu ya umbali kwa jicho lililo futi 15 juu ya maji. Orodha za siku hizi hutoa umbali kwa nguvu ya mwanga. Usipolijua hilo utaona umbali umeruka na utaandika kwamba taa mpya ilifungwa, kumbe kilichobadilika ni hesabu ya karani ofisini.

Mnara wangu ulijifichua hapo. Toleo moja lilisema futi 95, maili 16. Matoleo machache mbele yake, jingine likasema futi 118, maili 17. Nikapiga hesabu, maili zikakubaliana na futi. Mwanga ulikuwa umepandishwa mita saba kwenda juu. Na tangazo la kupandishwa lilikuwa na mwaka uleule uliochongwa juu ya mlango! Walipouongeza mnara walijenga ghala la mafuta mbele ya mlango wa zamani, wakafungua mwingine upande wa pili na kuuandikia mwaka wa kazi yao. Mwashi yule hakusema uwongo. Mimi ndiye niliyemsomea vibaya.

Juu sana nako si kuzuri sikuzote. Cape Point, Afrika Kusini, mnara wa kwanza uliwashwa mwaka 1860 zaidi ya mita 230 juu ya bahari, na mara nyingi ukungu uliufunika wakati ule ule mabaharia walipouhitaji. Mwaka 1911 meli ya abiria ya Kireno, Lusitania, ikapanda mwamba chini yake. Baadaye mnara mwingine ukajengwa mita 87 tu juu ya maji. Ukiona taa imeshushwa, usidhani ni uzembe au ukosefu wa fedha. Tafuta habari za mawingu.

Kufika

Omba ruhusa kwa maandishi kwa mamlaka inayosimamia taa, na subiri. Nenda na mtu anayeujua mwamba, shuka maji yakiwa yametulia kati ya kujaa na kupwa, na mkubaliane mapema saa ya kuondoka, kisha uifuate hata kama hujamaliza. Vaa viatu visivyoteleza. Basi.

Panga kwenda mara mbili. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika kwenye mnara wa Aleksandria, Misri, ule uliojengwa karne ya 3 kabla ya Kristo, mwaka 1326, akakuta upande mmoja umebomoka lakini bado anaweza kuingia, akapima na kuandika. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika hata mlango haufikiki. Kwa ziara zake mbili tunajua nini kilitokea ndani ya miaka 23. Angekwenda mara moja tungekuwa na sifa tu.

Kusoma jengo

Zunguka nje kwanza, polepole, mkono ukiwa ukutani. Unatafuta mahali mawe yanapobadilika ukubwa, rangi au namna ya kuungwa, mstari wa chokaa usiofanana na mingine, na dirisha lisilo na mwenzake. Kisha panda ngazi ukihesabu. Kwenye mnara wangu nilijikwaa ngazi ya 81. Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu. Siku ya pili nikajikwaa palepale. Nikapima: kuanzia hapo kila ngazi ilikuwa imezidi zile za chini kwa upana wa kidole gumba. Nilikuwa nimesimama kwenye paa la mnara wa zamani, miguu imelijua hilo kabla ya kichwa.

Uliza pia kama huo ndio mnara wa kwanza mahali hapo. Jina la mwamba halibadiliki, majengo hubadilika. Eddystone, kusini-magharibi mwa Uingereza, ni jina la minara minne. Wa Henry Winstanley uliwashwa 1698, ukachukuliwa na tufani ya 1703 pamoja na Winstanley mwenyewe, aliyekuwamo usiku huo. Wa John Rudyerd, uliojengwa kwa mbao nyingi, uliungua 1755. Wa John Smeaton wa 1759 ulikuwa wa mawe ya matale yaliyochongwa yakashikana kama vidole vilivyoingiliana, kwa chokaa inayokaza hata majini, na wenyewe ulikuwa bado imara wakati mwamba chini yake ulipoanza kuliwa na mawimbi. Ndipo James Douglass akajenga wa sasa, uliowashwa 1882. Sehemu ya juu ya mnara wa Smeaton ilivunjwa jiwe kwa jiwe ikasimamishwa upya nchi kavu, Plymouth, na shina lake lingali mwambani kando ya mwenziwe. Kwa hiyo mtu anayesimulia "moto wa Eddystone" na anayesimulia "tufani ya Eddystone" hawazungumzii jengo moja.

Juu kabisa, kwenye chumba cha taa, chukua muda wako. Lenzi ya pete za vioo ni ubunifu wa Augustin Fresnel, na ya kwanza ilifungwa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823, katika mnara ambao ulikuwa tayari na umri wa karne mbili, kwani ulijengwa kuanzia 1584 hadi 1611. Lenzi hizi ziligawanywa kwa daraja. Pima kutoka mahali taa inapokaa hadi uso wa kioo: milimita 920 ni daraja la kwanza, 700 la pili, 500 la tatu, 250 la nne. Daraja la kwanza lilipewa pwani kuu, ambako meli zinatoka bahari kubwa. Daraja la nne liliwekwa kwenye ghuba na bandari. Ukikuta la kwanza juu ya mwamba mdogo usio na chochote, umejua mara moja kwamba njia kuu ya meli ilipita hapo, hata kama leo hupita vidau viwili kwa wiki.

Chini ya lenzi mara nyingi pana kibati cha shaba chenye jina la kiwanda na mwaka: Chance Brothers wa karibu na Birmingham, au Barbier wa Paris, na wengineo. Kipige picha, lakini kumbuka mlango wangu. Kibati kina umri wa lenzi. Lenzi zilihamishwa, ziliazimwa, zilitolewa mnara uliofungwa zikapelekwa mwingine. Orodha ya taa ndiyo itakayokuambia kibati na mnara vilikutana lini.

Halafu kuna mabaki ya moto. Tundu linaloshuka katikati ya mnara lilikuwa njia ya uzito ulioning'inia kwa mnyororo na kuzungusha lenzi, sawa na saa ya ukutani. Tangi dogo lenye pampu ya mkono ni dalili ya taa ya mvuke wa mafuta, ndugu mkubwa wa karabai, iliyoenea baada ya Arthur Kitson kuibuni mwaka 1901. Mitungi ya chuma na mabomba membamba ni ya gesi ya asetilini. Ukiikuta, tafuta pia kifaa kidogo chenye fimbo, moja nyeusi na nyingine zinazong'aa. Hiyo ni vali ya jua ya Gustaf Dalén wa Uswidi, iliyofungua gesi jua likizama na kuifunga likichomoza bila mkono wa mtu. Mwaka 1912 Dalén alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huohuo mlipuko katika majaribio ukampofusha. Mwaka wa vali kuwekwa ndio mara nyingi mwaka wa mtunza taa kuambiwa afunge mizigo yake. Uandike kwa uangalifu.

Tahadhari moja, nayo si ya mzaha. Ukiona vitone vya fedha sakafuni, usiviguse, usivikanyage, na usikae humo madirisha yakiwa yamefungwa. Ni zebaki, na mvuke wake ni sumu. Baadhi ya wale "waliorukwa na akili" katika hadithi huenda waliishi na beseni la kitu hicho chumba cha juu, ingawa siwezi kusema ni yupi kilimdhuru yeye hasa.

Karatasi

Omba vitu vinavyochosha. Ukiingia hifadhi ya nyaraka ukauliza "mna nini kuhusu historia ya mnara fulani?", utaletewa makala ya gazeti yenye mzimu. Uliza ripoti za ukaguzi, hesabu za mafuta, barua za kuomba rangi na kamba, orodha za mishahara. Mnara wa mbali unaishi kwa kuletewa kila kitu, na kila kilicholetwa kilitiwa saini. Mafuta yaliyoagizwa yakipanda ghafla, taa imekuzwa au utambi umeongezwa. Yakishuka, uliza gesi. Mshahara wa tatu ukitokea mahali palipokuwa na wawili, kuna jambo. Inasimuliwa habari ya Smalls, mwamba wa nje ya Wales: mwanzoni mwa karne ya 19 mmoja wa watunza taa wawili alikufa, na mwenzake, akiogopa kushukiwa mauaji, akaitunza maiti hadi msaada ulipofika. Baada ya hapo watunza taa wakawa watatu.

Daftari la zamu lisome kwa wingi. Siku moja haina maana. Soma miezi mitatu mfululizo na utajifunza mwandiko, mazoea, na ukimya wa kila mtu. Huko ndiko utakakotambua pia kwamba mke au binti alishika zamu, maana mwandiko hubadilika katikati ya usiku na jina halibadiliki. Jina la Grace Darling limebaki kwa sababu ya asubuhi moja, 7 Septemba 1838, alipovuta makasia na baba yake kutoka mnara wa Longstone kuwaokoa watu wa meli Forfarshire. Usiku mwingine wote aliokaa mnarani haukumpa umaarufu wowote.

Na amua mapema ni tarehe ipi utaiita siku ya kuzaliwa. Jiwe la msingi, kumalizika ujenzi, ukaguzi, sherehe: zote zitakuja na kugombana. Mimi nashika moja tu, usiku ambao taa iliwashwa kwa ajili ya meli. Nyingine naziandika chini yake.

Hadithi, sasa

Mfano mzuri ni visiwa vya Flannan, magharibi mwa Scotland. Taa iliwashwa 7 Desemba 1899. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Desemba 1900, meli ya zamu, Hesperus, iliyokuwa imecheleweshwa na hali mbaya ya bahari, ilifika ikakuta watunza taa wote watatu, James Ducat, Thomas Marshall na Donald McArthur, hawapo.

Utasikia kwamba chakula kilikuwa mezani hakijamalizwa, kiti kimeanguka, na daftari limeandikwa kwamba wanaume walikuwa wakilia na kusali kwa siku kadhaa. Sasa shika karatasi. Joseph Moore, aliyekuwa wa kwanza kuingia, aliandika kwamba vyombo vya jikoni vilikuwa safi. Taa ilikuwa imesafishwa na kujazwa mafuta. Kumbukumbu za mwisho, zilizoandikwa kwa chaki kwenye kibao, ziliishia asubuhi ya 15 Desemba, na zilikuwa za hali ya hewa. Koti moja la mvua, la McArthur, lilibaki ndani. Msimamizi Robert Muirhead alikwenda kwenye gati la magharibi akakuta uharibifu zaidi ya mita 30 juu ya bahari, na akahitimisha kwamba wimbi liliwachukua. Mlo ulioachwa uliingia kupitia shairi lililotoka mwaka 1912, na kilio cha kwenye daftari kilikuja baadaye zaidi, katika magazeti ya kusisimua.

Aliyesoma miezi mitatu ya daftari lolote la zamu asingedanganyika. Mtunza taa hakuandika kwamba mkubwa wake analia. Aliandika upepo, kipimo cha hewa, saa ya kuwasha na saa ya kuzima, kisha akatia saini, kwa sababu mkubwa huyo ndiye angelikagua daftari. Mimi lakini siifuti hadithi. Naiandika ilivyo, na kando yake naandika mwaka iliposikika kwa mara ya kwanza. Koti moja lililobaki ndani linanikosesha usingizi kuliko kiti chochote kilichoanguka.

Ukimhoji mtunza taa aliye hai, usimuulize maisha yalikuwaje. Atakujibu kwamba yalikuwa ya upweke, kwa sababu ndilo analodhani umelifuata. Muulize zamu ilibadilishwa saa ngapi. Muulize uzito ulipandishwa kila baada ya muda gani, na nani aliyeamshwa ukikwama. Yule mzee wangu, nilipomuuliza hilo la pili, hakusema kitu. Alinyoosha mkono wa kulia akaanza kuzungusha mpini usiokuwapo, akihesabu kwa midomo. Alifika mia moja na ishirini. Kisha akaanza kusimulia, na hakunyamaza hadi jioni.

Watunza taa wakiondoka

Uingereza iliondoa mtunza taa wake wa mwisho mwaka 1998, na waandishi wengi hufungia kalamu hapo, kama kwamba mnara umekufa. Endelea. Andika mwaka wa paneli za jua, mwaka lenzi iliposhushwa na ilikopelekwa, mwaka mwanga mdogo wa LED ulipochukua nafasi ya kioo cha tani mbili. Rudi kupima sekunde, na kila mara andika tarehe, saa, mahali uliposimama na hali ya hewa.

Mwaka jana nilikwenda tena kuutazama mnara wangu kutoka baharini. Taa mpya ni nyeupe ya baridi, haina ule mkia wa mwanga uliokuwa ukifagia mawingu kabla ya kukufikia. Nikampigia simu mzee. Hakuuliza habari za mnara, wala za kurasa nilizosahihisha.

"Bado mbili?"

"Bado mbili, mzee. Kila sekunde 15."

"Umepima mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja. Akaniambia nikate simu, nipime kumi, ndipo nimpigie.